Barabara ya Jeneza la Mheshimiwa

Jumapili, 1 Aprili 1973

Mvua tangu alfajiri. Lori la maziwa limeshindwa tena kupanda kilima chetu. Dereva hakujaribu hata kidogo. Alipiga honi kule chini mtoni, akageuza, akaenda zake. Mke wangu Wachuka aliubeba mkebe mgongoni mpaka mtoni, akaukuta mto peke yake, akaupandisha tena. Kabla ya ibada kuisha maziwa yalikuwa yameganda. Kilima kizima kinanuka maziwa chachu.

Nilikuwa mwalimu mkuu. Nimefundisha watoto wa hapa kusoma na kuandika, na baadhi yao sasa wana magari. Hakuna hata mmoja anayeweza kulifikisha gari lake kwangu. Ni aibu.

Kanisani nimepata habari. Mheshimiwa Peterson Ngatia amelazwa hospitalini mjini Nyeri, na hali si nzuri. Ngatia alizaliwa hapa juu, tukasoma darasa moja. Baadaye akawa mwenyekiti wa baraza la kaunti, kisha mbunge, kisha waziri msaidizi. Katika vyeo vyote hivyo hakutuletea hata karai moja la changarawe. Nilisikitika, bila shaka. Niliinamisha kichwa pamoja na wengine. Lakini nikiwa nimeinama hivyo, wazo likanijia.

Niliweke wazi hapa, maana nikisema nyumbani nakatizwa. Katika kaunti hii barabara haziwafuati watu walio hai. Zinawafuata wanasiasa waliokufa. Serikali haiwezi kupitisha jeneza la mkubwa kwenye tope mbele ya magari ya mawaziri. Kwa hiyo greda hutumwa siku chache kabla ya mazishi, njia husawazishwa, changarawe humwagwa, na watu wa pale hubaki na barabara maisha yao yote. Anayetaka kujua kazi za umma zimefika wapi asiulize ofisini. Aulize wakubwa wamezikwa wapi.

Ngatia ana shamba la baba yake hapa kwetu. Dada yake Monicah analilima. Mwili ukija hapa, greda litakuja. Greda likija, lori litapanda.

Simtakii mabaya. Nasema tu kwamba kila mtu ana siku yake, na ya kwake ingefaa iangukie barabarani kwetu.

Jumatatu, 2 Aprili

Nimetembea kwenda kuthibitisha. Mtu msomi hakai na nadharia tupu.

Upande wa Wamagana kuna diwani aliyezikwa mwaka juzi. Barabara yake ni tambarare kama meza mpaka kwenye lango lake. Hatua moja baada ya lango, tope. Jirani wa pili ameweka mawe ya kurukia. Nilimuuliza anaonaje. Akasema angehamisha nyumba, lakini familia ya marehemu haiuzi. Ruring'u kuna mwingine, alikuwa diwani wa mji, na njia ya kwake iliwekewa mitaro ya saruji pande zote. Na rafiki yangu aliyefanya kazi Nanyuki ameniambia juu ya mbunge wa huko: kaburi lake liko ng'ambo ya kijito, na daraja lilijengwa kwa ajili ya msiba. Leo ng'ombe wa watu wote wanalitumia. Ushahidi umetimia.

Nikiwa njiani kurudi nikakutana na Mathenge. Huyu ana mashine ya kusaga unga kwenye kilima cha pili, ng'ambo ya bonde letu. Sijawahi kumpenda tangu alipoweka kibao kinachosema mashine yake ni ya kisasa. Akaniuliza mwalimu ametoka wapi na viatu hivyo. Nikasema nanyoosha miguu. Akacheka. Akasema hata yeye alinyoosha miguu yake jana, akafika mpaka Ruring'u, akaiona mitaro.

Kwa hiyo anajua. Tena ana silaha. Mheshimiwa alinunua ploti kwenye kilima cha Mathenge na kuanza nyumba ya mawe, akaiacha imefika madirishani. Mathenge anasema mkubwa huzikwa penye nyumba ya mawe. Nikamweleza kwa upole kwamba mtu huzikwa kwa baba yake. Nikamweleza pia kwamba zamani wazee wetu hawakuzika ovyo. Waliozikwa ni wazee wenye mali na watoto wakubwa, wengine walipelekwa msituni, kwa hiyo kaburi ni jambo la heshima na halitupwi kando ya mashine ya unga.

Akasema, "Mwalimu, wewe eleza tu. Mimi niko na nyumba ya mawe."

Jumatano, 4 Aprili

Nimemtembelea mgonjwa. Nilitafakari sana cha kupeleka. Uji ni wa kila mtu. Ndizi ni za kila mtu. Nikanunua soseji za nguruwe zile nzuri, Wachuka akazikaanga huku akiuliza kama yeye mwenyewe amewahi kununuliwa hata moja.

Ngatia amekonda lakini macho yake ni yale yale ya darasani, ya mtu anayengoja uanguke kitini. Kando yake alikaa Huseni, mwenye duka la nguo mtaa wa Majengo, Mwislamu mpole, kofia magotini. Nilifungua soseji. Ngatia akazitazama, akamtazama Huseni, wakatabasamu. Akasema ahsante lakini siku hizi hazili. Daktari? Akasema si daktari. Zikaliwa na mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyenishukuru mara nyingi mno.

Nikaingia kwenye jambo lenyewe kwa njia ya mbali. Nilisema shamba la baba yake limependeza sana na mvua hizi. Akasema anafurahi. Nikasema kuna mahali chini ya mparachichi ambapo mtu anaweza kupumzika vizuri, udongo mwekundu, hauna mawe. Akauliza, "Kupumzika kwa muda gani, Mwalimu?" Nikakohoa.

Akauliza barabara ya huko ikoje. Nikamwambia kweli: ni mbaya, mtu wa hadhi yake hawezi kupitishwa pale ilivyo sasa. Akasema yeye hana mpango wa kupita. Huseni akaangalia dirishani mabega yakimtikisika. Sikuona kichekesho.

Wakati wa kuaga Ngatia alinishika mkono kwa muda. Alisema amesikia lori la maziwa halipandi, na kwamba angepaswa kulishughulikia alipokuwa na nguvu. Nikasema bado nafasi ipo. Nilimaanisha kumtia moyo.

Mlangoni nikakutana na Mathenge anaingia, amebeba soseji.

Ijumaa, 6 Aprili

Monicah. Mwanamke mgumu. Nilimkuta akipanda viazi chini ya mparachichi, mahali penyewe. Nikamweleza kwa utaratibu: heshima ya ukoo, wajibu wa dada, umuhimu wa kuacha nafasi ya kutosha bila viazi. Akasimama, akajifuta mikono, akaniuliza, "Ati unamzika ndugu yangu na bado anakunywa chai?"

Nikasema ninapanga tu. Nikamweleza tofauti kati ya kupanga na kutamani. Akanisikiliza mpaka mwisho, akarudi kwenye viazi vyake. Nikachukua kimya hicho kuwa kibali.

Kutoka hapo nikaenda mjini kwenye ofisi ya ujenzi. Karani alinisikiliza huku akimenya chungwa. Akasema greda lipo, dereva yupo, lakini halipelekwi penye visiki na makorongo, maana meno yake huvunjika. Njia lazima iwe imeandaliwa. Nikauliza kama iandaliwe na watu. Akasema yeye hajali na nani. Kisha akaniambia kuna mzee mwingine alikuja asubuhi kuuliza hilo hilo, mwenye unga unga kwenye koti.

Nimerudi kilimani mbio. Nilikataa hata chakula.

Jumatatu, 9 Aprili

Nimewakusanya watu wa kilima baada ya kukamua. Nimewaeleza. Nilianza na historia ya barabara tangu zile za mkoloni tulizochimba kwa kulazimishwa, nikaendelea mpaka greda. Wahome, seremala wetu, akaniomba nifike kwenye greda upesi kwa sababu mawingu yanakusanyika. Nikasema tukiondoa visiki, tukijaza makorongo kwa mawe na kuchimba mitaro, greda litakuja na Mheshimiwa atapita kwenye barabara yetu. Mama mmoja akauliza kama Mheshimiwa amekubali. Nikasema mambo hayo hayaulizwi hivyo.

Hawakuniamini sana. Kilichowainua ni moshi. Ng'ambo ya bonde watu wa Mathenge walikuwa wanachoma visiki vyao. Wanawake wetu wakasimama, wakatazama moshi ule, wakaenda kuchukua majembe bila kuniaga.

Wachuka alikuwa mbele. Sijui mwanamke huyu anapata wapi nguvu mtu akimtaja mke wa Mathenge.

Alhamisi, 12 Aprili

Kazi imekwisha. Niseme ukweli, ni kazi nzuri. Mimi nilisimamia. Nilisimama na mwavuli na kueleza kwamba barabara lazima iwe na mgongo, katikati iwe juu, kando chini, ili maji yakimbilie mitaroni. Wahome akasema ikiwa nitashika jembe na kueleza wakati huo huo, mgongo utapatikana mapema. Nikamweleza kwamba kila kazi ina kichwa na mikono. Akasema leo kichwa kimekuwa kirefu.

Walibeba mawe kutoka mtoni. Walikata miti ya Monicah kwa ajili ya daraja la mtoni, naye mwenyewe akaonyesha ipi imenyooka. Nikaona jambo hilo kuwa zuri sana: dada wa marehemu mtarajiwa anatoa miti yake kwa moyo mmoja. Jioni mvua kubwa ilinyesha, nikatoka na taa kuangalia. Maji yalikimbia mitaroni kama nilivyosema. Katikati pakabaki pakavu.

Mathenge amemaliza pia. Yake ina kona mbaya. Nimeiona kwa mbali nikaridhika.

Sasa tunangoja tu.

Ijumaa, 13 Aprili

Andiko hili naliandika kwa hasira.

Saa nne asubuhi habari ilifika kwamba Ngatia amefariki alfajiri. Nilivaa suti. Nilivaa tai. Nilikuwa na mpango: niingie mjini kabla ya Mathenge, niunde kamati ya mazishi, niwe mwenyekiti, niweke tarehe ya mbali kidogo ili greda lipate nafasi. Kwa mtu wa cheo chake kamati hukaa wiki mbili, hata zaidi. Kuna matangazo ya redio. Kuna jeneza la kuagiza Nairobi. Nilihesabu kwamba hata nikichelewa kwa sababu ya basi, sitachelewa.

Nikachelewa.

Hospitalini wakasema ameshachukuliwa. Na nani? Na watu wake. Nikasema mimi ndiye watu wake. Wakanielekeza Majengo. Nilipofika karibu na msikiti, sala ya Ijumaa ilikuwa imekwisha zamani na watu wanarudi kutoka makaburini, wengi, wakijipangusa udongo mikononi. Huseni alikuwa miongoni mwao. Akaja kunishika mabega. "Tumeshamzika, Mwalimu. Pole sana."

Nikauliza wamemzika nani.

Waziri msaidizi wa zamani wa Jamhuri ya Kenya, mwenyekiti wa zamani wa baraza la kaunti, amekufa alfajiri, ameoshwa, amevikwa sanda, amesaliwa baada ya sala ya Ijumaa na kuzikwa kabla sijavuka mto. Huseni alinieleza polepole, kama mimi ndiye mwanafunzi. Ngatia alisilimu miaka kadhaa iliyopita, kimya kimya, alipomwoa Zabibu, mjane wa hapo Majengo. Hakutaka litangazwe wakati wa siasa. Baada ya siasa hakuna aliyekuja kumuuliza. Kwao maiti hangojeshwi. Sasa nazielewa soseji. Na za Mathenge pia, ndiyo faraja pekee ya siku hii.

Nikauliza juu ya gari la jeneza. Hakukuwa na gari. Alibebwa mabegani, watu wakipokezana, kutoka msikitini mpaka makaburini, kwa miguu. Nikauliza juu ya barabara. Huseni akasema walipita kwenye kichochoro.

Mkuu wa wilaya alifika baadaye akiwa na hotuba mfukoni. Alisimama kidogo, akauliza kama kuna mahali pa kuisomea, akaondoka nayo.

Nilimkuta Monicah nyumbani kwa Zabibu, ameketi mkekani na wanawake, kikombe cha chai mkononi, macho mekundu. Alikuwa hapo tangu asubuhi. Kumbe alijua siku zote. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kwa nini hakuniambia, na badala yake akatuonyesha miti ya daraja.

Akasema, "Hukuniuliza, Mwalimu. Ulikuwa unaniambia."

Nikamuuliza basi miti alitoa ya nini. Akasema yeye pia ana ng'ombe.

Huseni akanipeleka kaburini. Tuta dogo la udongo mbichi, halina saruji, halina jina, ukubwa sawa na la mtu mwingine yeyote. Kulia kwake, Huseni alisema, kuna fundi cherehani. Kushoto mpishi. Nilisimama na tai yangu. Huyu mtu aliwahi kunipa nusu ya kiazi chake siku niliyokuja shule bila kitu, na mimi nilikuwa nimempangia kazi ya greda. Nikasema maneno machache ya kuaga. Huseni akaondoka kidogo ili nimalize.

Kisha nikamwona Mathenge amesimama langoni, suti nyeusi, ua la karatasi mkononi. Tulirudi kwa basi moja, viti viwili tofauti.

Jumanne, 17 Aprili

Sijatoka nje tangu Ijumaa. Jana nilikwenda mpaka dirishani.

Kilima hakinionei huruma. Wahome amepita na kuuliza kama kuna mkubwa mwingine wa kuandaliwa njia, kwa sababu majembe bado yako nje. Watoto wanacheza mazishi barabarani. Mmoja anakuwa mimi, anashika jani la mgomba juu ya kichwa na kueleza.

Asubuhi hii, honi. Si kule chini mtoni. Hapa, langoni. Nilidhani ni greda, kwamba serikali imefikiria upya. Nikatoka na malapa. Lilikuwa lori la maziwa. Limevuka daraja, limepanda kilima chote, limesimama mbele ya nyumba yangu, na dereva anacheka peke yake kama mtu aliyeokota pesa. Wanawake walikuwa wanapiga vigelegele. Wachuka alipandisha mkebe wake juu ya lori akiwa amevaa kitambaa cha kanisani. Akanitazama. Akasema, "Baba Murugi, imepanda." Nikasema naona.

Lakini hakuna aliyeangalia chini. Mimi niliangalia. Lori lilipoondoka liliacha mifereji miwili katika mgongo wa barabara, kuanzia daraja mpaka kwangu. Mgongo nilioueleza kwa siku nyingi, na mvua juu. Siku moja tu ya maziwa! Mwezi mmoja wa hivi na greda litakataa hata kuja.

Nimewaeleza wanawake kwamba barabara hii haikutengenezwa kwa ajili ya maziwa. Wakauliza ilitengenezwa kwa ajili ya nini sasa. Ujinga wa namna hii unachosha.

Alhamisi, 19 Aprili

Nimepata nguvu tena.

Habari zangu ni za uhakika. Kuna mbunge wa sasa, si wa zamani, ambaye mama yake alizaliwa kilimani hapa. Jana alihutubia mkutano Nyeri mjini na aliyemwona karibu ameniambia alikohoa mara nyingi na akaketi kabla ya kumaliza. Ana miaka mingi. Anavuta sigara. Na hapa ndipo wanaosema sijifunzi wanyamaze: safari hii nimechunguza kwanza. Ni Mwanglikana, amebatizwa, ameoa kanisani, kiti chake kiko mstari wa mbele. Kamati yake itakaa wiki tatu. Kwa mbunge aliye madarakani hawataleta greda peke yake. Wataleta lami.

Kinachotakiwa ni kuitunza barabara mpaka siku hiyo. Nimeweka kizuizi darajani, gogo zuri lenye mnyororo, na ufunguo ninao mimi. Watembea kwa miguu wapite. Baiskeli zipite zikibebwa.

Lori lilikuja asubuhi na kukuta gogo. Dereva alipiga honi muda mrefu. Wachuka alikuja kuomba ufunguo, kisha Wahome, kisha Monicah, ambaye hakuomba. Niliwaeleza wote. Sasa wanashuka bondeni na mikebe yao mgongoni, wanapanda kilima cha Mathenge, na lori linawachukulia huko kwenye kona ile mbaya. Mathenge amewawekea benchi la kungojea. Usaliti mtupu. Maziwa yetu wenyewe yaliganda mchana, kwa kuwa Wachuka amekataa kuyabeba na mimi mgongo wangu hauruhusu.

Lakini nimekagua barabara jioni. Haina hata alama ya gurudumu.

Kabla ya kuondoka, dereva aliteremka, akaja mpaka kwenye gogo na kuniuliza kwa hasira barabara hii ni ya nani hasa. Nikamjibu kwa upole, kama ninavyojibu siku zote. Nikamwambia mwenyewe yupo, ila bado yuko hai.